Peni Moja kwa Juma: Funzo la Kopo la Misheni

Jumamosi moja jioni, nikitoka katika mkutano wa kamati ya chuo chetu cha Qurani, nilipitia kwa jirani yangu mmoja, mzee wa Kirabai akaaye karibu na Kengeleni, huko Kisauni. Moyo wangu ulikuwa mzito. Kamati yetu ina watu kumi na mmoja. Siku hiyo tulifika watatu, na mmoja katika hao watatu alikuja kutuambia kwamba anajiuzulu. Jambo tulilokuwa tukilizungumza ni lile lile la miezi mitano: mshahara wa mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekwisha kuchoka kungoja. Juma lililotangulia alifunga vitabu vyake, akatukabidhi ufunguo wa chuo kwa adabu zote, akaenda zake kuuza viatu vya mtumba penye kituo cha matatu.

Nilimkuta mzee amekaa barazani, miwani puani, na mbele yake zimepangwa bahasha tatu ndogo. Moja ilikuwa ya matengenezo ya kanisa, ya pili ya wagonjwa, na ya tatu iliandikwa neno moja tu: Misheni. Akatia noti ya shilingi hamsini katika ile ya tatu, akaifunga.

"Karibu, shekhe," akaniambia. "Namalizia hesabu ya kesho."

Nikamuuliza hiyo misheni ni ya wapi, maana mimi nilidhani mambo ya misheni yalikwisha siku Wazungu walipofunga virago. Mzee akacheka.

"Wazungu walikwenda zao, kazi ikabaki. Tunao wahubiri wetu kule kaskazini, jangwani. Mimi siwezi kwenda, magoti haya hayanipeleki hata sokoni. Basi hii ndiyo nauli yangu."

"Na umekuwa ukitoa tangu lini?"

"Tangu mshahara wangu wa kwanza. Na kabla yangu, marehemu mama alikuwa na kopo lake juu ya kabati. Kila Jumapili asubuhi lazima lilie."

Nilirudi nyumbani usiku ule neno hilo la nauli likinizunguka kichwani. Mimi ni Mwislamu, mwana wa Mwislamu, wala makala haya siyaandiki ili kumwita mtu katika dini isiyokuwa yake. Lakini wazee wetu walitufunza kwamba hekima ni mali iliyompotea muumini, na popote aionapo huiokota. Nami nilitaka kujua: hawa wenzetu waliwezaje kumshawishi mtu wa kawaida, maskini wa Mungu, atoe senti zake mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya kazi iliyo mbali, ambayo hataiona kwa macho yake mpaka aingie kaburini? Nikafungua vitabu, nikauliza wajuao, na haya ndiyo niliyoyapata.

TABAKERO YA UGORO

Habari yenyewe yaanzia katika mji mdogo wa Kettering, Uingereza, tarehe 2 Oktoba 1792. Siku hiyo wahubiri wachache wa madhehebu ya Baptist walikutana katika nyumba ya mwanamke mjane. Miongoni mwao alikuwamo William Carey, aliyekuwa fundi viatu kabla ya kuwa mhubiri, na ufukara ulikuwa haujamwacha. Mwaka huo huo Carey alikuwa ametoa kijitabu cha kuwahimiza Wakristo wenzake wapeleke dini yao katika nchi za mbali, na hakukomea kuwaambia kwamba jambo hilo ni wajibu. Aliwaonyesha na njia. Kila mtu, alisema, na atoe kwa kadiri ya hali yake, na aliye maskini atoe hata peni moja kwa juma.

Katika kikao kile kila mmoja aliandika ahadi yake kwenye kikaratasi, na vikaratasi vikatiwa ndani ya tabakero, yaani kile kijaluba cha kuwekea ugoro. Walipojumlisha zilikuwa pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Kwa fedha hizo, ambazo hata siku hizo zilikuwa kidogo, kikaanzishwa chama. Mwaka uliofuata Carey akapanda jahazi kwenda Bara Hindi, na huko akakaa mpaka alipofariki mwaka 1834.

Lakini mtu aliyenivutia zaidi si Carey. Ni mwenzake aliyebaki nyumbani, Andrew Fuller. Huyu alizoea kueleza jambo lao kwa mfano wa shimo refu lisilojulikana kina chake. Carey alikuwa kama mtu aliyesema, nitashuka mimi, mradi nyinyi mlioko juu mshike kamba. Sisi watu wa Pwani tunaojua kuchimba visima hatuhitaji mtu wa kutufasiria mfano huo. Aliyeko chini ndiye anayesifiwa, kwa kuwa ndiye aliyeyaona maji. Lakini wa juu wakiiachia kamba, yule wa chini atakuwa maiti. Fuller aliishika kamba ile kwa miaka 23. Alitembea mji kwa mji, kanisa kwa kanisa, akiomba na kutoa hesabu, mpaka alipofariki mwaka 1815.

Mwaka 1799 kilizaliwa chama kingine mjini London, Church Missionary Society, ambacho Wapwani wengi wanakijua kwa herufi zake, CMS. Utaratibu wa peni moja kwa juma ukaenea humo na katika vyama vingine. Watumishi wa nyumbani, wafumaji wa viwandani, na watoto wa shule za Jumapili waliunda vikundi vya kuchanga. Yakatengenezwa makopo na visanduku vya kuwekwa sebuleni, ili mtu akipita akumbuke. Mwaka 1844 watoto wa Uingereza walichangia zaidi ya pauni 6,000, na kwa fedha hizo chama cha London Missionary Society kikapata meli ya kuwachukua wahubiri wake katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Hebu fikiri, ndugu msomaji: meli nzima, kwa vipeni vya watoto!

BARUA KUTOKA MOMBASA

Mwaka huo huo wa 1844 ndio aliotia nanga kwetu Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS. Alipita kwanza Unguja, na Sayyid Said bin Sultan akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, akiwaagiza wamtendee wema. Alipofika Mombasa, Kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin, alimsaidia katika kazi ya lugha, hata katika kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Nalitaja hilo ili vijana wetu wajue kwamba wanazuoni wa zamani hawakuwa na hofu ya kukaa na mtu wa dini nyingine na kusemezana naye. Mwenye kuijua dini yake hatishwi na mgeni.

Miezi michache tu baada ya kufika, homa ikamuua mkewe Krapf, na mtoto mchanga akamfuata. Akawazika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Kisha akakaa akaandika barua kwa wakubwa wake London. Hakuomba arudishwe nyumbani. Aliwaambia kwamba kaburi lile ni alama kuwa kazi katika pwani hii imekwisha kuanza, na kwamba wasilegee. Barua hiyo ilichapishwa, ikasomwa makanisani. Waliotoa peni zao wakajua zimekwenda wapi, na zimemgharimu nini yule waliyemtuma.

Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, wakajenga pamoja huko Rabai. Sasa nataka uyatazame matunda yake kwa macho ya mweka hazina. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mnyonge mlemavu, naye alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu na kufa. Rebmann alikaa kwetu miaka 29, akaondoka mwaka 1875 macho yake yamekwisha kupofuka, na katika miaka yote hiyo waliomfuata walikuwa wachache mno. Laiti waumini wa Uingereza na Ujerumani wangaliipima kazi kwa idadi ya waliobatizwa, wangalivunja makopo yao mapema sana, wakanunulia sukari.

Kwa nini hawakuvunja? Jawabu nililolipata ni hili: walikuwa wakipewa habari. Kila meli iliyoondoka Mombasa ilichukua barua, na barua zile zilichapishwa katika magazeti yao. Mwaka 1849 CMS ilianzisha gazeti liitwalo Church Missionary Intelligencer, na katika mwaka huo wa kwanza wasomaji walipata habari za Rebmann na mlima wa Kilimanjaro aliouona tarehe 11 Mei 1848, wenye theluji kileleni karibu na mstari wa ikweta. Mabingwa wa jiografia London walimcheka. Baadaye mmishenari mwingine, Jakob Erhardt, pamoja na Rebmann, wakachora ramani ya bara kwa kuwauliza wasafiri wa misafara, na wengi wa wasafiri hao walikuwa watu wetu wa Pwani. Ramani hiyo ilikuwa na makosa mengi, lakini iliwashtua wataalamu hata wakawatuma Burton na Speke mwaka 1857.

Basi mwanamke mfuma nguo aliyetia peni yake Jumapili alikuwa akijua Rabai ni wapi, Uchaga ni wapi, na nani yuko mgonjwa. Hakuwa akitupa fedha gizani. Alikuwa na jamaa zake ng'ambo, na kopo lilikuwa salamu zake kwao.

Mfano mwingine ni wa Uganda. Tarehe 15 Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Stanley kutoka kwa Kabaka Mutesa, akiwataka Wakristo wapeleke walimu. Haikupita hata juma moja, CMS ikapata ahadi ya pauni 5,000 kutoka kwa mtu ambaye hakutaka jina lake litajwe. Baadaye kidogo zikaja 5,000 nyingine, na katika muda wa miezi michache jumla ikafika pauni 24,000. Mnamo Juni 1877 wajumbe wa kwanza walikuwa wamekwisha kufika kwa Mutesa. Barua moja gazetini! Wala huyo wa pauni 5,000 hakusimama mbele ya kipaza sauti kutangaza jina lake na la babake.

KENGELE YA FRERETOWN

Siwezi kupita hapa bila ya kusema jambo ambalo sisi Waislamu wa Pwani hatupendi kulisema. Mwaka 1875 CMS ilianzisha kijiji cha Freretown, hapo Kisauni, kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Kengele iliyotundikwa ili kuwatahadharisha wenyeji wa kijiji wajapo maadui ndiyo iliyopapa mahali jina la Kengeleni, na ingali ipo mpaka leo kando ya njia. Fedha za kuwalisha na kuwasomesha watu hao zilitoka katika makopo yale yale.

Jirani yangu aliniambia kwamba nyanya wa mamake aliletwa Freretown akiwa mtoto mdogo, ametolewa katika jahazi lililokamatwa na manowari ya Waingereza. Hakuniambia jahazi lile lilikuwa la nani, wala mimi sikumuuliza, kwa kuwa sote wawili twajua. Watumwa watoro nao walikimbilia Rabai na misheni nyingine, na wenye mali wakahamaki, hata tarehe 1 Januari 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikawalipa fidia ya watoro zaidi ya 1,400 ili yaishe.

Najua kwamba misheni na serikali ya kikoloni zilishikana mikono, na kwamba nyuma ya padre mara nyingi alikuja mwenye bunduki. Hayo yameandikwa sana, na ni kweli. Lakini haki ni haki. Yule mtoto wa jahazini alipotoka majini akitetemeka, aliyemvika kanga na kumpa kitabu alikuwa amelipiwa na mtu wa mbali asiyemjua hata jina. Na wajukuu wa mtoto yule hawakusahau. Watu wa Freretown na Rabai walitoa wahubiri wao wenyewe: William Jones na Ishmael Semler, waliokuwa wamekombolewa utumwani na kusomeshwa Bara Hindi, walipewa daraja la ushemasi mwaka 1885. Waliochangiwa wakageuka kuwa wachangaji. Ndiyo maana bahasha ya Misheni ingali ipo juu ya meza ya jirani yangu.

SISI JE?

Mtu asidhani kwamba kutoa ni jambo wanalolijua wenzetu peke yao. Dini yetu ilitutangulia kutufunza. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba matendo anayoyapenda zaidi Mwenyezi Mungu ni yale yanayodumu, hata yakiwa kidogo. Ametufundisha pia habari ya sadaka inayoendelea, ambayo thawabu zake humfuata mtu hata baada ya kufa. Tazama ilivyo miji yetu ya kale, Lamu, Mombasa, Malindi: nyumba hii ni wakfu wa msikiti fulani, minazi ile ni wakfu wa mafuta ya taa, kisima kile ni wakfu wa wapita njia. Bibi kizee aliyekuwa na shamba dogo aliandika wakfu kabla hajaandika wasia. Hiyo ndiyo kamba waliyoishika wazee wetu.

Habib Swaleh wa Lamu, mwanzilishi wa Riyadha, aliwasomesha wale ambao wenye vyeo hawakutaka kuwasomesha, na chuo chake kikatoa walimu waliotapakaa pwani nzima. Hakuwa na hazina. Alikuwa na watu waliompenda, na kila mmoja akaleta alichokuwa nacho. Mwaka 1932 Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1937, alianzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa kuwaamsha Waislamu wafuate elimu. Mwaka 1945 ikaundwa hapa hapa Mombasa jumuiya ya East African Muslim Welfare Society chini ya uongozi wa Agha Khan wa tatu, naye akaahidi kwamba kiasi watakachochanga Waislamu, ataongeza kiasi hicho hicho. Kwa njia hiyo shule na misikiti mingi ikajengwa. Na kile chuo cha ufundi kilichoitwa MIOME, ambacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilisimama kwa michango ya Sultani wa Unguja, Agha Khan na Mabohora.

Kwa hivyo mbegu ilikuwapo. Lakini kuna jambo moja linalonikereketa. Tafsiri ya kwanza kamili ya Qurani kwa Kiswahili haikutoka kwa Mwislamu. Ilitoka kwa padre wa misheni ya Unguja, Godfrey Dale, ikapigwa chapa London mwaka 1923 na jumuiya ya Kikristo ya uchapaji, tena pamoja na maelezo ya kuwasaidia wahubiri wao kubishana nasi. Mwaka 1953 ikatoka ya Makadiani, ambayo wanazuoni wetu hawakuikubali. Sheikh al-Amin alikuwa ameianza yake, lakini mauti yalimfika mwaka 1947 hajaimaliza. Ni mwaka 1969 ndipo Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Kadhi Mkuu wa Kenya wakati huo, alipotupatia Qurani Takatifu kamili. Hesabu mwenyewe: kutoka 1923 mpaka 1969 ni miaka 46.

Je, katika miaka hiyo 46 tulikosa wanazuoni? Hasha. Pwani hii na Unguja zilijaa mabahari ya elimu. Kulikuwa na sababu nyingi, na moja ilikuwa shaka ya baadhi ya wazee kama yafaa Qurani kutafsiriwa. Lakini mwenye kutafsiri ahitaji kula, ahitaji karatasi, na mchapishaji ahitaji kulipwa. Padre Dale alikuwa na watu wa kumshikia kamba. Wanazuoni wetu wengi waliandika usiku baada ya kazi ya mchana, na miswada yao mingine imeliwa na mchwa.

MBIO ZA SAKAFUNI

Sasa nirudi kwenye chuo chetu. Miaka mitatu iliyopita tulifanya harambee kubwa. Turubai lilikodiwa, viti vikakodiwa, sufuria za biriani zikapangwa kama askari. Wakubwa walikuja, wakatangaza ahadi zao kwa kipaza sauti, na tukapiga takbiri mpaka sauti zikatukauka. Baada ya kuondoa gharama, na baada ya zile ahadi ambazo mpaka leo ni ahadi, zilibaki fedha za kutia sakafu na kupaka rangi. Chuo kikapendeza. Lakini sakafu haisomeshi watoto, na mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hakuna aliyesimama baadaye kuwaeleza watu ni kiasi gani kilichopatikana na kimekwenda wapi. Nami nakiri mbele yenu: mimi nilikuwa karani wa kamati hiyo, na hesabu ile nilipaswa kuisoma mimi. Nilinyamaza kwa kuwaonea haya walioahidi wasitoe. Kumbe nilikuwa nikiwavunja moyo waliotoa.

Wako watakaosema: kwa nini tujisumbue, si tuwaandikie ndugu zetu wenye mafuta? Hilo nalo tumelijaribu Pwani nzima. Misaada ya nje imejenga misikiti mizuri na visima vingi, na Mungu awalipe walioitoa. Lakini mwaka 1998, baada ya mlipuko wa bomu mjini Nairobi, serikali iliyafutia usajili mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Fedha zinazotoka mbali hukatwa na mikono iliyo mbali, nawe huna neno.

Wenzetu nao waliliona hilo. Mwaka 1971 John Gatu, Mkenya wa kanisa la Presbyterian, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani akawaambia wazi kwamba wakati umefika wa kusimamisha wamishenari na fedha zao, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama kwa miguu yake. Wengi walikasirika. Lakini kanisa lake likashika neno la Jitegemea, na waumini wakaanza kuchanga wenyewe. Bahasha za jirani yangu, ingawa yeye ni wa kanisa jingine, zimo katika mwendo huo huo.

KOPO LETU

Nilirudi kwa mzee jioni nyingine, nikamuuliza siri ni nini. Akafikiri kidogo, akasema: "Siri ni mbili, shekhe. Ya kwanza, tunaombwa kidogo, na tunaombwa kila juma, hata kutoa kunakuwa kama kupiga mswaki. Ya pili, kila mwezi twasomewa barua. Juzi tuliambiwa mhubiri wetu ameibiwa punda. Kanisa zima lilisikitika kwa ajili ya punda!"

Ijumaa iliyofuata nikaomba ruhusa ya imamu, nikasimama baada ya sala. Kwanza nikasoma hesabu ya harambee ile ya miaka mitatu, sarafu kwa sarafu, bila ya kumtaja aliyeahidi akakosa. Mikono ikinitetemeka. Kisha nikawaomba watu jambo dogo: kila nyumba iweke kopo, itie shilingi ishirini kila Ijumaa, na mwisho wa mwezi kijana apite kukusanya. Na sisi kamati tutasoma barua kila mwezi: mtoto gani amehitimu juzuu gani, mwalimu amelipwa nini, mkeka umechakaa au la.

Nyumba thelathini na moja zilikubali. Kwa mwezi wa Ijumaa nne ni shilingi 2,480. Huo si mshahara wa mtu mwenye watoto, nami sitawadanganya. Lakini mwezi wa pili zilikuwa nyumba thelathini na nane, na mwezi wa tatu kinamama wa mtaa wakaanza kikundi chao bila ya kuambiwa. Katika barua ya mwezi wa tatu nilisoma kwamba mtoto mmoja yatima amemaliza Juzuu Amma. Wazee wasiojua jina lake walitokwa na machozi. Nikamkumbuka yule punda.

Tumempata kijana wa kusomesha jioni. Yule mwalimu wetu wa zamani bado anauza viatu. Nilimwendea kumwomba radhi, akanipokea vizuri, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina. Nilipoaga, alifungua mkoba wake akatoa shilingi ishirini. "Tieni koponi," akasema. "Na mimi nataka nisomewe barua."